Jinsi Katibu Alivyosahaulika Mlimani

CHAMA CHA WANAWAKE WA GURUDUMU, PENCELYN

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMANNE TAREHE 11 JUNI 2024 KATIKA CHUMBA CHA NYUMA CHA KANISA LA SEION, KUANZIA SAA 12:00 JIONI

WALIOHUDHURIA
1. Bi. Eirlys Pugh – Mwenyekiti (mwalimu mkuu mstaafu)
2. Bi. Nerys Gittins – Nahodha wa Safari
3. Bi. Delyth Breeze – Mjumbe
4. Bi. Beti Tudor – Mjumbe
5. Bi. Menna Rowlands – Katibu

ALIYEKOSEKANA KWA UDHURU
Bi. Glenys Hamer – Mjumbe (amewekewa goti la bandia, ametuma salamu kwamba likishazoea atatupita sote)

KUMB. NA. 1/6 (yaani ya kwanza, mwezi wa 6): KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 12:10, kwa kuwa dakika kumi za mwanzo zilitumika kutafuta mito ya kukalia. Ilikubaliwa kwamba viti vya kanisa havikutengenezwa kwa ajili ya watu waliopanda baiskeli Jumamosi. Mwenyekiti alikumbusha kwamba kwaya ya wanaume inakihitaji chumba saa 1:30, na kwamba mwezi uliopita walitukuta tunaonyeshana kaptula zenye sponji, jambo ambalo halipaswi kujirudia.

KUMB. NA. 2/6: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Kumbukumbu zilisomwa na kuthibitishwa, isipokuwa Bi. Nerys aliomba neno "alianguka" libadilishwe liwe "alishuka ghafla". Bi. Delyth, aliyekuwa nyuma yake siku hiyo, alisema yeye alichokiona ni kuanguka. Baada ya majadiliano ya dakika nane iliafikiwa isomeke: "alishuka ghafla, ubavu ukitangulia."

KUMB. NA. 3/6: YATOKANAYO
Iliripotiwa kwamba somo la kuziba pancha lilifanyika kama ilivyopangwa. Bi. Beti aliziba pancha ambayo haikuwepo. Wengine hawakufika hata hapo.

KUMB. NA. 4/6: TUKIO LA TAREHE 1 JUNI
4.1 Nahodha alieleza kwamba siku hiyo wanachama saba walipanda mlima wa Bwlch y Gwynt kwa utaratibu wa siku zote: kila mtu apande kwa mwendo wake, wasubiriane kileleni, Nahodha ahesabu helmeti, kisha washuke pamoja upande wa pili hadi mkahawa wa Bi. Olwen. Ukungu ulikuwa mzito. Alihesabu helmeti saba, akasema "haya, twende," wakaondoka.

4.2 Alikiri kwamba helmeti ya saba haikuwa ya Katibu. Ilikuwa ya mama mmoja Mholanzi, jina lake Marijke, aliyekuwa amesimama kileleni kula ndizi akiwa amevaa koti la njano kama yetu. Bi. Nerys alijitetea kwamba kwa nyuma, ndani ya koti la mvua, wanawake wote wa umri wetu ni furushi moja. Utetezi huo haukupingwa na mtu.

4.3 Marijke alishuka na kundi maili tisa, akidhani ndiyo desturi ya huku kumchukua mgeni. Mkahawani alikaa kwenye kiti cha Katibu, akala keki ya zabibu ambayo Katibu aliiagiza kwa simu tangu asubuhi. Mambo yalijulikana pale tu Bi. Delyth alipomwambia, "Menna, nisogezee sukari," na mgeni akavua helmeti ili asikie vizuri. Ameshakiandikia Chama kadi, akisema katika safari zake zote hajakutana na ukarimu wa namna hii. Kadi ilipitishwa mkono kwa mkono. Katibu aliisoma akairudisha bila maoni.

4.4 Kwa kuwa mlimani simu hazishiki, Mwenyekiti alirudi mara moja kwa baiskeli kumtafuta Katibu, na Bi. Delyth akampigia mumewe, Emyr, aje na gari lenye tela la kondoo. Utafutaji ulichukua saa moja na nusu. Katibu alipatikana salama na alirudishwa nyumbani ndani ya tela, ambalo halikuwa limeoshwa.

4.5 Mwenyekiti alisema tangu siku ile hajalala vizuri, akaomba radhi kwa niaba ya Chama. Iliwekwa kwenye kumbukumbu kwamba Katibu ameshapokea maua mara mbili, jemu ya Bi. Beti na keki mbili za zabibu badala ya ile moja, na kwamba kwa siku kumi amekuwa akivipokea kwa sauti ya mgonjwa. (Maneno kuhusu sauti yameongezwa na Katibu mwenyewe baada ya kikao. Sababu inafuata.)

KUMB. NA. 5/6: HOJA YA MWENYEKITI KUHUSU KATIBU
5.1 Mwenyekiti alitoa hoja kwamba, kwa usalama wake, Katibu ahamishiwe Safari Fupi, yaani ile ya kuzunguka ziwa, ambayo haina kilima hata kimoja na ina vyoo viwili. Kwa hiyo asiende safari ya Julai ya siku mbili hadi baharini Aberdyfi. Alisema Katibu ana miaka hamsini na nne, alijifunza baiskeli akiwa na hamsini na mbili, na amekuwa wa mwisho katika safari zote thelathini na moja. Alisema hayo kwa upole mkubwa, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwatangazia watoto wa darasa la tatu kwamba katika igizo la Krismasi wao watakuwa kondoo.

5.2 Bi. Nerys, ambaye aliwahi kuwa kondoo, alinyoosha mkono, akaruhusiwa, akaunga mkono hoja. Alisema yeye kama Nahodha hana moyo wa kupitia siku nyingine kama ile.

5.3 Bi. Delyth alisema hapingi, ila mumewe alimpa ujumbe. Emyr alisema alipokutana na Katibu mlimani alimpita bila kumtambua, kwa sababu alikuwa anateremka miguu ikiwa nje ya pedali, na alikuwa anacheka. Hajawahi kumwona Katibu akicheka juu ya baiskeli. Mwenyekiti alieleza kwamba huo ni mshtuko, na mtu akishtuka sana hucheka. Bi. Delyth alisema Emyr anauliza pia inakuwaje mtu aliyeachwa kileleni saa nne awe bado anateremka saa saba.

5.4 Katibu aliendelea kuandika bila kuinua kichwa. Sentensi ya Emyr ameiandika mara mbili kwenye rasimu. Aliona kwamba akinyamaza atabaki na maua na atapelekwa ziwani. Akisema, huenda akaipata bahari na kuwakosa marafiki. Safari ya Aberdyfi ameisubiri tangu siku alipojua kukata kona bila kushuka. Aliomba kuzungumza. Kwa kuwa mtu hawezi kuungama na kuandika kwa wakati mmoja, kalamu ilishikwa na Bi. Beti.

(Kuanzia hapa mwandiko ni wa Beti Tudor.)

Mimi kuandika kikatibu sijui. Naandika nilivyosikia.

Menna kasema, "Sikupotea."

Eirlys kasema, "Mpenzi, hakuna anayekulaumu."

"Hebu nisikilizeni kwanza. Nimefika juu, hakuna mtu. Mnajua nilifanya nini? Nilikaa. Miaka miwili mizima nafika kileleni nawakuta mmeshapumzika, mmeshakula, mmeshapiga na picha, na mkiniona tu, 'haya, Menna kafika, twende!' Nyie mnapumzika mkinisubiri mimi. Mimi nipumzike nikimsubiri nani?"

Nerys kasema jamani.

Mimi nikasema, watu husema aliye juu mngoje chini. Sisi tunamngoja aliye chini, na akishafika juu tunamkimbia. Nimejiandika mwenyewe kwa sababu niliona nimesema vizuri.

Menna kasema, "Nikala mkate wangu wote, taratibu. Ukungu ukafunguka nikaliona bonde mpaka kwetu. Halafu nikateremka, na chini hakuna mtu anayetazama saa. Sikugusa breki mpaka nilipokaribia daraja la chini ya mlima, upande wa mkahawani. Nilipofika darajani nikageuza baiskeli nikapanda tena."

Delyth: "Ulipanda Bwlch mara mbili? Wewe?"

"Ya pili nusu niliisukuma."

"Hata kama."

"Nikateremka tena, ndipo Emyr akanikuta. Eirlys, haikuwa mshtuko. Ilikuwa raha. Nina miaka hamsini na nne na sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini."

Eirlys kasema, "Na maua?"

"Maua yalipokuja niliona haya kuyarudisha. Kila siku nikasema kesho nitawaambia. Keki ya kwanza, lakini, ilikuwa haki yangu."

Hakuna aliyecheka, mimi nilitaka.

Eirlys alifunga daftari lake mpaka nikafikiri kikao kimekwisha. Kisha kasema, "Niliingia kwenye mitaro, Menna. Kila mtaro toka mkahawani mpaka darajani. Nafunua majani kwa mikono natafuta koti la njano. Nilikuwa nimeshapanga maneno nitakayomwambia mama yako. Nimeyapanga vizuri, nayakumbuka mpaka leo. Na wewe uko juu unakula mkate."

Menna kasema hakujua.

"Siku ile hukujua, sawa. Na hizi siku kumi?"

Menna kalia. Delyth kampa leso. Eirlys hakulia lakini alivua miwani akaifuta, na mimi nimekaa naye benchi moja kanisani miaka arobaini, najua maana yake. Narudisha kalamu. B.T.

5.5 Katibu alirejea kazini. Anathibitisha kwamba yote yaliyoandikwa na Bi. Beti ni kweli, la kulia likiwemo. Katibu aliomba radhi kwa Mwenyekiti, si kwa kubaki mlimani bali kwa siku kumi za kuacha watu wajilaumu huku yeye anakula jemu. Aliona aibu kuliko siku alipoanguka mbele ya kituo cha polisi akiwa amesimama.

KUMB. NA. 6/6: MAAMUZI
6.1 Mwenyekiti alisema radhi ameipokea, lakini hasira anayo na ataendelea nayo hadi Jumapili.

6.2 Bi. Nerys alisema miaka yote hiyo alidhani kumsubiri Katibu ni kumfanyia wema. Bi. Delyth alimuuliza yeye kileleni hupumzika dakika ngapi. Alijibu kama ishirini. Aliulizwa Katibu hupata ngapi. Alinyoosha mkono kutaka kujibu, akausahau hewani.

6.3 Bi. Delyth alipendekeza kwamba kuanzia sasa anayefika mwisho kileleni ndiye atakayesema lini safari iendelee, na mtu mwingine asiguse baiskeli kabla. Bi. Beti aliunga mkono, na akataka kujua kama inaruhusiwa kuwa wa mwisho kwa makusudi. Pendekezo lilipita kwa kura nne. Mwenyekiti hakupiga kura.

6.4 Iliamuliwa pia kwamba helmeti zisihesabiwe tena. Wanachama wataitwa kwa majina, na kila mmoja atajibu mwenyewe, hata kama amekasirika.

6.5 Mwenyekiti aliulizwa kama anaendelea na hoja yake ya kumpeleka Katibu ziwani. Alisema jambo ambalo halikuwa jibu. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema: "Ule mteremko nimeushuka miaka sita, na miaka sita nimeshika breki toka juu mpaka chini. Nawaza nani yuko nyuma, nani ataanguka, nani ataniuliza. Sijui hata bonde linaonekanaje ukiwa unashuka. Nautazama mgongo wa Nerys." Bi. Nerys alisema samahani, Mwalimu. Mwenyekiti alisema si kosa la mgongo.

6.6 Mwenyekiti aliondoa hoja yake. Katibu atakwenda Aberdyfi. Katibu aliandika maamuzi haya haraka kabla hayajabadilishwa, ndiyo maana mstari umepinda.

KUMB. NA. 7/6: MENGINEYO NA KUFUNGA
7.1 Bi. Beti aliuliza kama jemu yake itarudishwa. Katibu alisema imebaki robo chupa. Ilikubaliwa abaki nayo.

7.2 Saa 1:30 kwaya ya wanaume ilianza kukohoa mlangoni, wajumbe wakasimama na mito yao. Mwenyekiti, akiwa amesimama, aliomba iandikwe kwamba Alhamisi tarehe 13 atapanda Bwlch y Gwynt. Hahitaji nahodha, hataki kuhesabiwa, na mtu yeyote asikae kileleni akimsubiri.

7.3 Katibu aliuliza kama anaweza kwenda naye. Mwenyekiti alivaa koti, akafunga vifungo vyote, hata kile cha juu ambacho huwa hakifungwi.

"Njoo," alisema. "Lakini uchelewe."

Kikao kilifungwa kwa maneno hayo saa 1:35 jioni.

...................................
Eirlys Pugh
MWENYEKITI

...................................
Menna Rowlands
KATIBU

...................................
Beti Tudor
(kwa kipande nilichokiandika, na sifuti hata neno)