Picha Moja kwa Nyimbo Zote

Jumatano, 8 Aprili 1953. Bukoba

Siku ya tatu ya kozi ya walimu. Mvua tangu asubuhi, bati linapiga kelele, hatusikii nusu ya masomo. Miss Whitlow, Mwingereza anayetufundisha, ameweka kando sarufi na kuleta kitabu kikubwa cha jalada la kijani. Ndani yake mna nakala za karatasi za nyimbo za kwao za zamani — miaka mia tatu iliyopita na zaidi. Karatasi moja, wimbo mmoja. Muuzaji alisimama sokoni akauimba, watu wakanunua, wakabandika ukutani. Nyimbo za wezi, za maharusi, za samaki wa ajabu, za waume wanaowaogopa wake zao. Na juu ya kila wimbo picha iliyochongwa kwenye ubao, ubao ukapakwa wino.

Kilichonichekesha: picha ni ileile! Mtu mwenye kofia pana na upanga. Ukurasa huu ni mfalme. Ukurasa wa pili ni mwizi anapelekwa kunyongwa. Mbele kidogo anaposa mke. Miss anasema wachapaji hawakuwa na mbao nyingi, walitumia iliyokuwa karibu.

Tena nyingi hazina jina la mtunzi. Hilo limenipendeza kuliko yote.

Mchana alikuja kijana wa duka la chapa kuleta vyeti vyetu. Josia Mutembei — ndiye anayepanga herufi pale. Aliona kitabu, akaomba kukishika, akapitisha kidole juu ya kofia ile taratibu. Akasema aliyechonga alikuwa na haraka, yeye angefanya vizuri zaidi. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, unajua kutunga?"

Nikasema ninajua. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimerudi nyumbani Kishanda. Nimetunga!

Nilikuwa nimeketi basini natafuta kisa, mara nikamwona Tata, baba yangu, barabarani. Yeye ni karani wa mahakama Muleba. Tangu auze kahawa ya mwaka jana ana baiskeli mpya — kengele, taa, vibanio vya suruali, kila kitu. Hajui kuipanda. Nyumbani hakuna aliyewahi kulisema hilo. Kila asubuhi anaisukuma mpaka Muleba, na jioni anaisukuma kurudi. Akisikia mtu anakuja anakalia kiti, mguu mmoja chini, kama aliyesimama kupumzika. Basi lilipomkaribia akaketi. Tulipopita, nikageuka. Ameshashuka.

Bwana kanunua chuma, chenye kengele na taa,
Kila afikapo mtu, kiti anakikalia;
Mtu akishapotea, mguu wamchukua,
Asukuma asukuma, na kengele inalia.

Beti saba. Sikutaja jina. Niliandika kuwa ni bwana mmoja, basi.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimempelekea Josia beti kwa basi. Je, ni dhambi? Amri inasema waheshimu baba na mama. Haisemi lolote juu ya baiskeli.

Jumamosi, 18 Aprili

Soko la Muleba. Nilisimama kwenye vitenge nikajifanya nachagua.

Josia amechonga kwenye mti wa mpera, amemwiga yule Mwingereza wa kitabuni, kofia pana na unyoya, ila badala ya upanga kamshikisha usukani. Muuzaji ni Ildefons, mpiga zeze la enanga anayezunguka kwenye maharusi. Alizipachika karatasi kwenye ukanda wa kofia yake kama manyoya ya kuku, akapiga nyuzi, akaimba. Kufika "na kengele inalia" watu wote wakaitikia. Hata wauza samaki. Kabla ya saa sita hakubaki na karatasi hata moja.

Nilikuwa na furaha kiasi cha kuuma kitenge cha watu. Mwenye duka akaniambia sasa ni changu.

Jumapili, 19 Aprili

Tata amenunua moja.

Amewasomea wageni baada ya ibada, kwa sauti ya kusoma hukumu. Alicheka mpaka akavua miwani. Mmoja akauliza bwana huyu ni nani. Tata akasema bila kufikiri, "Ni mtu wa Kimwani. Watu wa Kimwani ndivyo walivyo." Wageni wakatazama chini, wakatafuna buni zao za kahawa.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakucheka. Wageni walipoondoka nilimwuliza kama wimbo umempendeza. Akasema yeye anachojua ni kwamba katika nyumba hii viatu vinaisha upesi kuliko matairi.

Alhamisi, 23 Aprili

Barua ya Josia. Ubao umepasuka kati — mpera ulikuwa haujakauka vizuri. Atachonga mwingine. Anataka wimbo wa pili, "wa mwizi, Mwalimu, watu wanapenda wezi." Mwishoni kaandika kwa herufi ndogo kwamba mwezi wa saba anafikiria kutuma mshenga Kishanda, ikiwa hakuna atakayekasirika.

Nimeisoma mara nne. Nimetunga mwizi wa kengele ya kanisa, beti tisa, kwa mkao mmoja.

Jumamosi, 2 Mei

Sokoni Muleba nimeona picha ya ubao mpya. Laiti nisingeiona.

Ni Tata. Pua ni ya Tata. Sikio lile lililosimama peke yake ni la Tata. Kofia ya pama iliyolala upande, mashavu, yote. Na yuko kwenye karatasi zote mbili! Picha ni moja, ana kengele mkononi: kwenye hii ni ya baiskeli. Kwenye ile ni mwizi, na kengele ni ya kanisa.

Josia alikuja mwenyewe na mzigo wa karatasi, akampa Ildefons. Nikamvuta nyuma ya kibanda cha chumvi.

"Umemchonga baba yangu."

"Baba yako ni nani?"

Nikamwambia. Kisha akasema mwezi uliopita alikuja karani mmoja dukani kuagiza karatasi za samansi, akakaa muda mrefu akingoja, mwanga wa dirisha ukimpiga usoni. "Sikumkusudia, Mwalimu. Mkono ulikumbuka wenyewe."

Nikamwambia amwite Ildefons aache kuuza. Tukageuka. Ildefons alikuwa anauza za mwisho.

Jumanne, 5 Mei

Tata amerudi kwa miguu. Baiskeli ameiacha mahakamani.

Nilipata habari kwa mama mmoja aliyekuwa na kesi ya mpaka wa kibanja, shamba la migomba. Tata alisimama kuita kesi ya kwanza. Mtu nyuma akafanya kwa mdomo: kri, kri. Baraza zima likacheka, hata mshitakiwa. Hakimu akauliza kuna nini. Mtu akampelekea karatasi. Hakimu akaitazama, akamtazama karani wake, akaikunja, akaahirisha kesi kwa sababu ya mvua. Mvua ilikuwa haijaanza.

Nyumbani Tata hakuvua kofia. Aliingia chumbani, akaacha mlango wazi kidogo. Nilimwona. Alisimama mbele ya kioo cha kunyolea, kofia kichwani, ameishikilia karatasi kando ya kioo, imemwelekea. Josia alichonga kofia kama alivyoiona, lakini ubao ukichapwa hugeuza kila kitu, kwa hiyo kwenye karatasi kofia imelalia upande usio wake. Watu wa sokoni walimjua kwa pua na sikio tu. Ila kioo nacho hugeuza. Mtu wa kiooni na picha vililingana kabisa, mpaka mkunjo wa ukingo.

Alisimama pale muda mrefu. Sikucheka. Nilidhani ningecheka.

Jumatano, 6 Mei

Tata amepanda basi la Bukoba. Kavaa koti la kanisani. Hakuchukua kofia.

Alhamisi, 7 Mei

Sikufundisha vizuri. Nimewaandikia watoto ubaoni "samaki ana miguu minne" na wote wameinakili.

Tata alirudi jana jioni, akala, akalala. Leo basi limeleta barua ya Josia. Anasema Tata aliingia akauliza nani amechonga. Josia akasema ni yeye. Akauliza nani ametunga. Josia akasema hilo hawezi kumwambia, hata wakimfukuza kazi. Tata akasema, "Vema." Akaanza kuzungukazunguka dukani. Akafika mezani. Beti zangu za mwizi zilikuwa pale, zimebanwa chini ya chuma. Mwandiko wangu.

Aliyenifundisha kuandika ni yeye. Alinishika mkono huu huu, juu ya majivu, kabla sijaanza shule.

Josia anasema hakugusa karatasi. Alizisoma zote, amesimama. Akatoka bila kuaga.

Kwa hiyo anajua. Jana usiku alinipitishia chumvi akijua.

Ijumaa, 8 Mei

Hakuna kitu. Anasalimia. Nasalimia.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeshindwa. Nilimfuata kwenye kibanja akipogoa migomba, nikapiga magoti pale kwenye majani makavu. Nikasema, "Tata, ni mimi." Akasema anajua. Nikasema naomba radhi, nitamwambia Josia achome ubao.

Akaendelea kukata. Akasema alipokuwa mtoto kwao hakukuwa na baiskeli ya kujifunzia, na mtu mzima akianguka mbele ya watu haanguki peke yake, anaanguka na kazi yake. Alisema polepole, kama anayemweleza mtu mwingine.

Sikuwa nimefikiria hivyo. Beti saba, na sikufikiria hata mara moja.

Kisha akasema, "Yule kijana ana mkono. Sikusema ana akili." Akaniuliza ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akasema, "Mh." Hiyo "mh" nimeipindua kila upande, haifunguki.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya ibada. Tata ameniita mezani. Mbele yake karatasi ya mahakama, upande wa nyuma, na penseli imechongwa mpaka imekuwa fupi. Akasema wimbo wangu una kosa. Nikangoja kusikia kosa la adabu. Akasema, "Umesahau mtu mmoja." Akanisukumia karatasi.

Alikuwapo mmoja, aonaye kila siku,
Hakucheka hakunena, kampikia na kuku —

Basi. Mstari wa tatu umefutwa hadi karatasi imetoboka.

"Vina vya -ku vimeniishia," akasema. "Wewe ndiye mwalimu."

Hakunitazama. Akainuka, akasema anakwenda kugeuza kahawa kwenye mikeka. Kahawa gani? Ni mwezi wa tano, hatujaanza kuvuna, mikeka imekunjwa iko darini. Sasa amesimama uani amenipa mgongo, mikono nyuma, karibu sana na dirisha la jiko.

Maana nimekimbilia huku jikoni na karatasi yake na daftari hili. Mama ameona ile karatasi. Yeye hasomi. Ameuliza Tata ameandika nini siku mbili hizi, anakunja uso kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema ni wimbo. Akauliza unamhusu nani.

Nimeinyoosha karatasi. Amefunika chungu, amefuta mikono, amevuta kigoda chake mpaka hapa magotini kwangu.

"Soma, basi," ananiambia. "Taratibu. Nisikie vizuri."

Huko nje Tata amekohoa. Nimemwomba Mama anipe dakika moja, nimtafutie Tata mstari wa tatu, kisha nimsomee wimbo unaomhusu.