Pipa la Taka la Kaka

Mwenzangu uko wapi?

Si unaijua kompyuta ya studio ya kaka? Leo imegoma kupokea picha mpya, inadai diski imejaa. Nikajumlisha mafolda yote, hata nusu ya diski hayafiki. Nikarudia, vilevile. Sasa nusu nyingine imeliwa na nani?

Nikafungua pipa la taka. Kumbe limefura! Nikalimwaga lote, nafasi ikarudi, nikajiona mjanja. Nikamwita kaka aje anishukuru.

"Umemwaga nini?"

Nikamwambia, "Takataka."

Akakaa sakafuni. Sakafuni, mtu mzima na kitambi chake!

"Picha ambazo mwenyewe hajaja kuchagua huwa naziweka humo, zisichanganyike na za waliokwisha kuchagua."

PIPANI! Nani anahifadhi kitu pipani?? Nikampigia kelele, naye akanipigia kelele, wifi akatoka nje.

Fundi amechomoa diski, kaondoka nayo. Anasema atajaribu kuzirudisha, ila hatoi ahadi.

Sasa usinijibu kwanza. Soma hadi mwisho.

Harusi yako ilikuwa humo. Yote.

Kila nilipokuuliza utakuja lini kuchagua, ulisema huna moyo wa kuzitazama tangu tumzike mama yako. Sikukulazimisha.

Kaka anasema kuna moja mama anakufunga mkufu shingoni, mnacheka wote wawili. Anaikumbuka vizuri.

Wewe hujawahi kuiona.