Vugo la Herufi Q

Mombasa, 2 Juni 2025

Kwa shangazi yangu Bi Mwanatumu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila maharagwe ya bweni yamenichosha. Wewe hujambo na goti lako? Na Baba, bado hataki kusikia habari zangu?

Ahsante kwa kunisimamia dhamana mbele yake. Nilijua atakasirika akiniona na mchezo wa kupanga maneno, lakini sikujua atauita ndugu wa kamari. Ni kweli herufi tunazitoa mfukoni bila kuangalia. Ila ukishazitoa bahati imekwisha, iliyobaki ni akili. Sasa ameapa: nisiposhinda mashindano ya shule za Pwani mwezi ujao, niuache maisha. Shangazi, nitakufa.

Shida yangu ni Q. Kwa Kiingereza Q haitoki bila U nyuma yake, kama mwari na somo wake, kungwi. Lakini yapo maneno mafupi ambayo Q haifuatwi na U, na hayo ndiyo yanayookoa mchezo. Nayakariri asubuhi, adhuhuri yamepotea. Nifanyeje?

Mwanao,
Rawiya

Mkomani, Lamu, 9 Juni 2025

Mwanangu Rawiya,

Waalaykum salaam. Goti linauma likitaka. Babako hajambo, yuko na milango yake, na anachonga kwa hasira hadi maua yanatoka mazuri kuliko kawaida. Neno lake ni lile lile: "Awe wa kwanda, au aate. Hiyo si ndia ya mtoto wangu." Yaani uwe wa kwanza au uache.

Unaniuliza ufanyeje, kwani umesahau mimi ni nani? Nyimbo za vugo za arusi za mtaa huu nazitunga mimi, na hakuna mwanamke azisahauye, hata wale wanaosahau majina ya waume zao. Niletee hayo maneno, na maana zake. Neno nisilolijua maana haliimbwi mbele ya pembe langu la ng'ombe nilipigalo kwa kijiti.

Shangazi yako

Mombasa, 15 Juni 2025

Shangazi mpenzi,

Salaam nyingi. Sote wazima. Maana! Hapa hakuna anayejali maana, mradi neno limo kamusini. Basi mimi na Mwalimu Rosebella, anayetufundisha mchezo huu, tumeketi tukazitafuta. Qat ni miraa. Suq ni soko, lile lile la Waarabu. Qin ni zeze la Wachina, na qi ni pumzi ya uhai kwa Wachina hao hao. Mwalimu alicheka, akasema miaka yote anafundisha watu vigae vya herufi vitupu, bila maana.

Mwanao,
Rawiya

Mkomani, 22 Juni 2025

Rawiya wangu,

Hatujambo, goti halijambo kiasi. Shika:

Qati, miraa ya bara,
Suqi, soko la tijara,
Qini, zeze lenye fora,
Qi, pumzi ya uhai.

Uimbe huku unapiga meza, kama tunavyopiga pembe. Usiusome. Upige.

Shangazi yako

Mombasa, 5 Julai 2025

Shangazi,

Natumai mu wazima. Mimi mwili mzima, moyo sina. Wimbo umekaa kichwani hautoki, na hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye mechi ya majaribio niliimba! Nikapiga meza kwa vidole mbele ya watu. Mpinzani wangu, Ronald, akashtaki kwamba namvuruga. Mwamuzi amesema nikirudia nitatolewa. Nikiunyamazisha wimbo, maneno yanakwenda nao. Mashindano ni Jumamosi ijayo.

Rawiya

Mkomani, 8 Julai 2025

Mwanangu,

Salaam. Nimempa Hamdu wa basi barua hii ikufikie mapema. Unadhani mimi huimba arusini tu? Hata nikiwa kwenye matanga, wimbo mpya hunijia, na siwezi kuwapigia wafiwa pembe. Huupiga kwa kidole gumba cha mguu, chini ya buibui; wewe upige ndani ya kiatu. Hakuna ajuaye. Sasa wewe wajua.

Shangazi yako

Mombasa, 13 Julai 2025

Shangazi yangu, shangazi wa dunia,

Assalaam alaykum! Keti kwanza.

Fainali ilikuwa mimi na Ronald. Mfuko ulikuwa mtupu, yeye yuko mbele, nami nimebaki na Q, S na herufi nyingine mbili mkononi. Nikafunga mdomo, nikapiga kwa kidole gumba kiatuni. Miraa, hapana. Soko... nikaiona U ubaoni, kushoto na kulia kwake wazi! Nikaweka S huku, Q huku. Ronald akacheka, akapinga. Mwamuzi akafungua kamusi, na suq likawamo! Aliyepinga bure hupoteza zamu, nami nikacheza tena, nikamaliza herufi zangu zote na kumpita.

Nimeshinda, Shangazi! Mwalimu Rosebella alipiga vigelegele vya kwao bara mpaka mlinzi akaja. Septemba tunakwenda Nairobi kwa mashindano ya taifa, kama Baba atakubali. Mwambie wewe, mimi naogopa.

Mwanao mshindi,
Rawiya

Mkomani, 21 Julai 2025

Bi Rawiya, mshindi wetu,

Waalaykum salaam. Hongera, hongera, hongera! Nilimsomea babako barua yako huko huko karakanani. Akaweka tezo chini, akauliza, "Hiyo suq, maana yake ni nini?" Nikamwambia ni soko, na wewe wazijua maana zote. Akaokota tezo yake, akasema, "Basi hakubahatisha. Yuwajua." Akarudi kazini, nami nikatoka nikijizuia kulia.

Kwenye arusi ya jirani yetu Lubna tumelipiga vugo lako. Wanawake wote wa Mkomani sasa wana Q midomoni, na kila mmoja anajua suq ni nini.

Hamdu atakupa na kifurushi. Ni kibao cha kuegeshea herufi, cha mti ule ule wa milango, chenye maua ya milango. Babako amesema Nairobi hutakwenda na cha plastiki. Kigeuze. Nyuma amechonga jina lako, na chini yake la kwake, kama afanyavyo kwenye milango anayojivunia tu.

Shangazi yako