Kimya Mezani kwa Baba Sharon

"Mwalimu anayekaa kimya darasani hafundishi. Amepumzika."

Maneno ya mkuu wa idara yetu, leo Alhamisi, kwenye mkutano wa asubuhi, feni ikizunguka juu yetu bila kuleta upepo wowote. Anataka vikundi vidogo vifutwe. Wanafunzi wote wa uuguzi warudi kwenye ukumbi mkubwa, mwalimu mmoja mbele, slaidi ukutani, silabasi imalizike. Kesho tunapiga kura.

Amepumzika! Nimefika nyumbani na bado nina viatu miguuni, kwa sababu kuinama kuvivua ni kazi.

Ningeweza kumjibu kwa vitabu. Miaka iliyopita ningemrundikia hoja hadi chakula cha mchana kipoe. Leo nilisema machache, nikaona wenzangu wameinamia simu zao, nikaketi. Mbishi naye huchoka. Kwa hiyo namjibu hapa, kwa yaliyotokea mchana.

Kundi langu linaenea kwenye meza moja. Mmoja wao ni Baba Sharon, mtu wa makamo aliyefanya kazi miaka mingi katika zahanati upande wa Port Victoria, sasa amerudi chuoni kujiendeleza. Wengine ni wa umri wa watoto wake, na wanamheshimu hivyo. Wanamwachia kiti cha dirishani. Wanangoja aseme kwanza. Akishasema, wanakubali.

Niliwasomea kisa. Mtoto mdogo ana homa, amepata degedege, sasa hata akiitwa haitiki. Kipimo kinaonyesha malaria. Mtafanya nini?

Baba Sharon hakungoja nifike mwisho. "Malaria kali hiyo. Sindano ya malaria, haraka. Madam, lete kisa kingine, hiki ni cha watoto wa shule."

Vichwa vyote vikaitikia. Kalamu zikafunikwa.

Na hakukosea. Hapo ndipo penye ugumu. Malaria ilikuwepo, na dawa ni hiyo. Ila kazi haikuwa imekwisha, na wote walikuwa wameimaliza pamoja naye.

Nikanyamaza.

Mkuu wa idara angeketi pale ajue kimya hicho kinavyochosha. Jibu unalo ulimini. Mdomo umezoea kufunguka. Mmoja anakohoa, mwingine anatazama nje, halafu wanaanza kukuangalia kwa huruma kana kwamba umesahau kazi yako. Wakati huo wote unawasoma, mmoja mmoja. Nilimwona Akinyi, binti mpole kutoka Maseno, anajibonyeza ncha ya kidole kwa ukucha, pale pale tunapochoma kupata tone la damu.

Alijua. Alikuwa anajua tangu mwanzo.

Nikaita jina lake tu.

Akainamia meza. "Baba, si kukupinga. Lakini sukari hatujapima."

"Nyathina," Baba Sharon akamjibu, kama baba anavyomwita mtoto wake, "mimi nimetibu degedege wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni."

Meza nzima ikacheka. Nikadhani tumempoteza.

"Na wote waliamka, Baba?" Akinyi akauliza.

Kicheko kikakatika. Uso wa Baba Sharon ukabadilika. "Hapana," akasema. "Si wote." Kisha akageuza kiti chake kumwelekea. "Hebu sema hiyo ya sukari vizuri, hawa nao wasikie."

Akinyi akaeleza: mtoto mwenye malaria kali, hasa kama hajala, sukari yake inaweza kushuka sana, na sindano ya malaria peke yake haitamwamsha. Tone moja la damu linatosha kujua. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni. Baadaye haikutetemeka.

Sasa niambieni, ukumbi mkubwa ungempa Akinyi nini? Ujuzi alikuwa nao. Angeandika "pima sukari" kwenye mtihani, apate alama zake, sisi tufurahi. Kisha siku moja wodini mkubwa wake angesema malaria, kila mtu aitikie, naye angebonyeza kidole chake na kunyamaza. Mtoto yule angekufa mikononi mwa watu wanaojua.

Hilo ndilo ninalofundisha nikinyamaza. Na nimechoka kulieleza.

Mvua ilianza tulipotoka kazini jioni. Pale verandani walimu wenzangu walinifuata, mmoja baada ya mwingine, wakinong'ona. "Madam, uko sahihi kabisa. Lakini mkuu ni mzee wetu, ningesema nini mbele yake?" Nilichoka ghafla kuliko nilivyochoka siku nzima.

Basi nawaandikia ninyi wa verandani, maana najua mnasoma blogu hii. Sitaki kuungwa mkono kwa kunong'onezwa. Mkiamini vikundi vifutwe, semeni. Mkiamini vibaki, ingieni mkutanini kesho, msingoje mkuu aseme kwanza, na mseme hivyo kwa sauti, yeye akiwatazama. Msimtume Akinyi wodini akafanye jambo ambalo ninyi, wenye vyeti ukutani, mnaliogopa kwenye kikao cha chai.