Pipa Langu la Buluu na Yule Kaa

Mjukuu wangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Fort Worth. Bibi yako mzima, anasema huko Houston unakula vibaya.

Eti kasinojeni ni nini? Nimefurahi mno! Nesi mtarajiwa anamuuliza mpakia maboksi! Bahati yako, neno hilo nilifundishwa na pipa.

Nilipoanza kazi kwenye ghala kule Mesquite, niliokota pipa la buluu lililotupwa. Nikalisugua kwa sabuni mara tatu, nikaloweka mihogo ya ugali wa sherehe ya ubatizo wako. Jirani yetu Mama Baraka, Mkenya wa kazi za hospitali, akasoma karatasi iliyobandikwa pembeni, akapiga kelele.

"Mzee! Humu mlikuwa na kemikali, tena kasinojeni!"

"Lakini pipa nimeliosha!"

"Haioshwi, Mzee. Inaweza kuleta saratani!"

Alipotulia akanieleza. Ni Kigiriki: karkinos ni kaa, na mwisho wa neno ni kuzalisha. Waganga wa kale waliona uvimbe umezungukwa na mishipa kama miguu ya kaa. Na saratani yetu? Ni Kiarabu, nayo ni kaa vilevile! Nilishangaa mpaka nikasahau aibu.

Mihogo yote tuliitupa, wageni wakala wali huku wakinicheka. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako, kipande cha muhogo mkononi, kinakaribia mdomo. Nilikunyang'anya, ukanililia hadi kanisani.

Ile karatasi niliiona tangu siku ya kwanza, Neema. Niliona haya kuuliza imeandikwa nini. Wewe umeuliza.

Babu yako, mwosha mapipa mstaafu