Mgeni wa Kwanza wa Mwaka Wao

Nyeri, Jumanne

Baba Njeri mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Mguu haukukatwa! Jana niliruhusiwa kutoka hospitali, na leo asubuhi nimetembea mwenyewe hadi nyumbani kwa yule daktari Mvietnamu kumpelekea mayai ya shukrani.

Kumbe leo ni mwaka mpya wa kwao. Nilipokanyaga tu mlangoni, mkewe akapiga kelele, "Simama hapo, mama!" Kwao, mtu wa kwanza kuingia siku hii ndiye huleta bahati ya mwaka mzima, na wenye nyumba humchagua mapema. Walikuwa wakimngoja mwalimu mkuu mmoja mwenye afya na watoto wengi, na mimi hapo na mkongojo na bandeji. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mzee wa daktari akauliza kwa lugha yao mimi ni nani. Daktari akamjibu, kisha akaniambia, "Nimemweleza kwamba uliingia hospitali ukibebwa, na leo umekuja kwa miguu yako."

Mama huyo akanishika mkono akanivuta ndani. "Karibu," akasema.

Wakanilisha wali wa mchele wa Mwea na nyama ya nguruwe, vilivyofungwa pamoja kwa majani ya migomba na kuchemshwa siku nzima. Nilipotaka kufagia makombo wakaninyang'anya ufagio, ati bahati itafagiliwa nje!

Nakuja Jumamosi. Usije stendi ya Kagio na baiskeli kunibeba. Nitatembea hadi nyumbani.

Mungu awalinde wewe na watoto.

Wako,
Mama Njeri