Hoteli Yangu ya Vyumba Kumi na Viwili

Igawa, Mbarali

Mdogo wangu Skolastika, kamwene.

Mimi kaka yako sasa nina miaka sabini na sita na meno kumi na tisa, na nimeishi kuliko vitu vingi. Nimeishi kuliko lami. Nilikuwepo ile ya kwanza ikimwagwa hapa mbele, nikiwa kijana wa kubeba kokoto, ikazeeka, ikang'olewa, ikamwagwa nyingine, na mimi nipo. Nimeishi kuliko wenyeviti wa kitongoji sita, na wote walidhani nitatangulia mimi. Nimeishi kuliko mke wangu, Mungu amrehemu, na hilo sikuliomba. Sasa nimeishi kuliko ramani ya mji, na hiyo ndiyo habari ya barua hii.

Hapo Ifunda mnaendeleaje? Mgongo wako unasemaje na baridi hiyo? Mahindi yamebeba, au nyani wamewahi kuliko ninyi? Mimi mzima. Goti la kulia linalia kama mlango, lakini linafika ninakolituma. Ulanzi tu ndio ninaoukosa, huku joto, mianzi ya kugema haitaki.

Najua umesikia kwa mwanao Festo kwamba nyumba yangu inafungwa, na ukasema nirudi nikae chumba cha uani kwako, nile na kulala. Asante, dada. Nyumba haifungwi. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe unanikata maneno, na karatasi huwezi kuikata mpaka iishe. Festo akusomee, na asiruke mahali.

Unavijua vyumba vyangu vitatu vya nyuma, ulilala kile cha mwisho ulipokuja kwenye msiba wa wifi yako. Aliyevianzisha ni yeye. Mimi nilijenga tu, na nilijenga vizuri, ukuta haujapinda mpaka leo. Ilikuwa masika ya mvua kubwa, lori likafa hapa mbele, madereva wawili wamelowa mpaka mifupa. Akawatoa mbuzi chumbani, akawaweka wao, akawapa uji wa moto. Wale wakawaambia wenzao. Tangu hapo madereva wanaopakia mchele Ubaruku, na wanunuzi wa mpunga, wanalala kwangu siku moja, siku mbili, wanaondoka. Ndiyo chakula changu, na ndio watu wangu wa kuongea nao. Vyumba hivyo vikifungwa, mimi nabaki na ukuta. Ningerudi kwako kulishwa kama kifaranga, na unakumbuka niliapa nini mbele ya marehemu baba siku ninaondoka.

Sasa mji umekua. Zamani hapa ilikuwa barabara na vibanda, leo kila mtu anajenga anapotaka, gereji imegusana na zahanati, mashine ya kukoboa inapiga kelele dirishani kwa mtu. Basi wakaja watu wa mipango miji kuandika upya kila kiwanja na kazi yake: hapa makazi, hapa biashara, hapa karakana. Kilichowakera zaidi ni nyumba za kulaza watu siku moja moja. Wapo wenye uwezo wanaokaa Mbeya mjini, Ilomba huko na kwingine, wamejenga nyumba hapa na kuzitangaza kwenye simu. Mgeni anaambiwa ufunguo uko chini ya ndoo. Anaingia, anapiga muziki, anaondoka, na jirani hajui hata jina lake. Watu walilalamika sana, na mimi nilikuwa wa kwanza kulalamika.

Siku ya kuandika viwanja alikuja binti mmoja wa ofisi, mpole, ameshika kishikwambi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Kiwanja hiki mnakitumiaje?"

Kabla sijajibu, kikatoka kicheko ng'ambo ya njia. Hapo yupo Bi Zaituni, Msangu, anauza wali na samaki. Sisi na Wasangu unajua ni watani, babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia matusi. Ananitukana kila asubuhi, na mimi namrudishia, na siku asiponitukana najua anaumwa.

"Mwandikie banda la mbuzi," akamwambia yule binti. "Huyo Mhehe halazi watu, anawafuga."

Na wateja wake wote wakacheka, vijiko mkononi. Sasa wewe niambie, mtu angenyamazaje?

"Andika hoteli," nikasema.

"Vyumba vingapi, babu?"

"Kumi na viwili."

Binti akaitazama nyumba, akanitazama mimi. Nikamwambia vingine viko nyuma, kwa hapo alipo haoni. Jua lilikuwa kali na alikuwa na viwanja vingi mbele yake. Akaandika, akaenda. Bi Zaituni akarudi kwenye sufuria zake, nikajua nimemweza. Siku hiyo nilikula ugali nusu sufuria.

Mavuno yalipoisha ramani ikabandikwa ofisi ya kata, watu waende wakaione na kutoa maoni. Nikaenda nimevaa koti. Mtaa wetu wote umepakwa rangi ya njano, maana yake makazi, na katikati ya njano hiyo kuna alama nyekundu kama jipu. Nikamuuliza mtendaji wa kata hiyo ni nini.

"Ni wewe, mzee Alfonsi," akasema. Akanisomea sheria mpya pole pole. Mwenye nyumba anayeishi humo humo anaruhusiwa kulaza wageni wa siku chache katika vyumba visivyozidi vinne. Vikizidi vinne ni hoteli, na hoteli haikai katikati ya makazi, inahamia kando ya barabara kuu kwenye eneo la biashara, au inafungwa.

Vinne, Skolastika. Na mimi nina vitatu.

Mtu mwingine angesema pale pale, samahani mtendaji, niliongeza chumvi. Mimi nilimwambia hoteli yangu haihami. Nikarudi nyumbani, nikavua koti, nikaanza kufyatua tofali. Niliwaza hivi: kama kosa ni kusema kumi na viwili wakati viko vitatu, basi nikisimamisha tisa kosa limekwisha. Sikuona kwamba vikifika kumi na viwili kweli, ndipo watanifunga vizuri zaidi. Nilikuwa na hasira, na hasira haisomi ramani. Nilifyatua siku nne. Mzee wa miaka sabini na sita, na tofali zangu zilikuwa sawasawa kuliko za vijana wa hapa, pita uziangalie.

Bi Zaituni akavuka njia, mwiko mkononi.

"Mzee Alfonsi, hilo kaburi la nani?"

"La Wasangu."

"Basi ongeza tofali, tuko wengi." Lakini hakucheka. Akaketi juu ya ndoo yangu ya maji. "Mtani, nenda ukaseme ni vitatu."

"Sina cha kwenda kusema."

"Watakufungia."

"Watanifungia nikiwa na hoteli."

Akanitazama kama anatazama wali ulioungua. Akainuka, akaenda zake, na siku mbili hakunitukana. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mtendaji hakuniogopesha, ramani haikuniogopesha. Kunyamaza kwa yule mama kuliniogopesha.

Siku ya tatu mkutano ukaitwa uwanja wa shule ya msingi. Watu walijaa, hata dereva Idrisa, yule wa Iringa mjini anayelala chumba changu cha kati akisubiri kupakia, alikuja kusikiliza. Yule binti wa mipango akawa anasoma kiwanja kimoja kimoja, mwenye pingamizi anasimama. Akafika kwangu.

"Hoteli ya mzee Alfonsi, vyumba kumi na viwili. Mwenyewe yupo?"

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakakimbia. Nikasema, "Nipo."

"Ni kweli vyumba kumi na viwili?"

Mdogo wangu, watu wote wanaonijua mahali hapa walikuwa wamekaa pale, na wote wanajua viko vitatu. Hakuna aliyesema. Wangesemaje? Kumwambia mzee mwongo hadharani ni kumvunjia heshima, wangebaki kimya mpaka nifungiwe, kwa heshima. Nami nikabaki nimesimama, mdomo umefungwa kama gunia.

Ndipo Bi Zaituni akainuka huko kwa kina mama.

"Mwenyekiti, mimi ni mtani wake. Watani ndio wanaozika, naomba nimzike huyu, anaanza kunuka."

Uwanja ukacheka. Mwenyekiti akamwambia azike.

"Huyo hana hoteli," akasema. "Ana vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha mbuzi, na mbuzi walihama wenyewe. Cha kati kitanda kina miguu mitatu, wa nne ni tofali. Cha mwisho ndicho kizuri, kwa sababu alikipanga marehemu mkewe, na yeye Mhehe hajakigusa. Kosa la kumi na viwili ni langu, nilimchokoza, na mnajua Mhehe ukimchokoza anaongeza. Mngekuwa mmemwacha kidogo angesema ana uwanja wa ndege."

Watu walikuwa chini kwa kicheko. Nilitaka kumrudishia. Lakini yule binti akainua mkono, akasema kwa upole kwamba maneno ya mtani ofisi haiwezi kuyaandika, mpaka mwenyewe aseme. Nikamtazama Bi Zaituni. Yeye alikuwa hacheki. Nikamkumbuka wifi yako akiwatoa wale mbuzi kwenye mvua, kwa chumba kimoja, na hakumwambia mtu kwamba ana hoteli.

"Vitatu," nikasema.

"Huku nyuma hatujasikia," akasema yule Msangu.

"Vitatu. Na tofali lipo."

Yule binti akafuta, nikamwona kwa macho yangu. Basi nikajikuta na mimi nacheka, kwa nguvu kuliko wote. Na kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama, nikaona nisikae bure. Nikawaambia, kwenye zile nyumba za ufunguo chini ya ndoo, andikeni kwamba lazima awepo mtu wa kumpokea mgeni, amjue jina, na jirani ajue wa kumgongea. Hotelini au chumba kimoja, mgeni apokelewe na mtu, si na ndoo. Watu wakapiga makofi. Wakaandika. Kwa hiyo sheria mpya ya mji huu ina maneno yangu ndani yake, na sijui hapo Ifunda ni nani mwenye maneno yake kwenye sheria.

Kesho yake asubuhi binti akaja kuhesabu kwa macho. Idrisa alikuwa anatoka chumba cha kati na mswaki mdomoni. Binti akahesabu, moja, mbili, tatu, akakaa kwenye kile kitanda kukijaribu.

"Babu, mguu huu utaubadilisha?"

"Huo ndio pekee ambao haujawahi kuvunjika."

Akacheka, akaniambia niwe na daftari la wageni, choo kiwe na mlango unaofunga, na ndoo ya mchanga kwa ajili ya moto. Vyote nimeweka. Alipoondoka nilitandika mkeka barazani nikalala mchana, saa mbili nzima, na mimi tangu msiba sijawahi kulala mchana.

Zile tofali zangu zote kachukua Bi Zaituni. Anasema mtani akikuzika na kukufufua analipwa. Kajengea jiko lake ukuta wa kuzuia upepo, na kila mteja anamwambia huu ni ukuta wa hoteli ya Mhehe. Nimemwambia ndiyo maana haujapinda.

Kwa hiyo, dada, chumba chako cha uani mweke kuku. Mimi siji kulishwa. Nitakuja baada ya Krismasi kama mgeni, nitakaa siku chache na kuondoka, kama sheria inavyotaka. Lakini kabla ya hapo uje wewe. Kile chumba cha mwisho kipo kama wifi yako alivyokiacha. Daftari la wageni nimelinunua jipya, na mstari wa kwanza nimeuacha wazi, Idrisa nimemwandika wa pili ingawa alitangulia. Mstari huo ni wa jina lako.

Nisalimie mpwa wangu Festo, na umwambie habari ya kufungiwa hata yeye aliongeza. Msalimie mkaza mwanao, mke wa Festo, na ujauzito wake. Msalimie mzee katekista aliyenifundisha herufi, asilaumiwe kwa mwandiko huu. Kama ametangulia, basi nimeishi kuliko yeye pia, na mumwombee. Na shemeji yangu mumeo, mwambie deni la ulanzi liko pale pale, vikombe viwili.

Ni mimi kaka yako mkubwa, mwenye kiwanja cha njano,

Alfonsi

Ukiona haya ni majivuno yangu tu, wapo wa kuwauliza. Aliyekuletea barua hii ndiye Idrisa, alikuwepo uwanjani, mpe uji akueleze. Mtendaji wa kata ana kumbukumbu za mkutano. Yule binti alihesabu mwenyewe. Bi Zaituni muulize chochote, isipokuwa muda niliosimama kimya pale uwanjani, yeye anaongeza. Na kwamba vyumba ni vitatu, hilo shahidi ni mimi.